Gari linatembea kilomita 40 kwa wiki: vidanji (kubadilisha mafuta ya moteri) nifuate kontere ya kilomita au kalenda?

Muuguzi_BelAir

Jambo yenu. Naomba shauri kwa wenye uzoefu, maana mafundi wawili wameniambia maneno mawili yasiyofanana na nimekaa nayo wiki nzima.

Nina Toyota IST ya 2004, ya esansi (petroli), gia otomatiki. Niko hapa Lubumbashi, Bel-Air, na kazini kwangu ni kilomita nne. Gari nalitumia nikiwa zamu ya usiku. Mchana napanda teksi. Jumapili kanisani, mara mojamoja sokoni, basi. Mume wangu yuko kazini Kolwezi, akirudi mwisho wa mwezi tunazunguka kidogo mjini. Siku nyingine zote gari limelala lupangoni chini ya mwembe.

Vidanji ya mwisho ilifanywa kwenye 137,000. Kikaratasi kilichobandikwa mlangoni kinasema nirudi kwenye 142,000. Leo kontere inasoma 139,300, lakini imeshapita miezi 14. Fundi wa kwanza anataka abadilishe kila kitu: mafuta ya moteri, mafuta ya gia, bugi (plagi), maji ya radieta, breki zote. Wa pili ameniambia gari halijachoka, nisimpe mtu pesa mpaka 142,000. Kwa mwendo wangu huko nitafika baada ya mwaka na zaidi.

Watoto watatu wanarudi shule wiki hii, kwa hiyo pesa ipo kidogo na nataka iende mahali panapostahili. Gari hili ndilo linanirudisha nyumbani saa saba za usiku. Siwezi kucheza nalo.

Kijana_Katuba

Mama, mimi niko na fundi wa pili. Mafuta yanachakaa kwa kazi. Gari lililotembea kilomita 2,300 limefanya kazi gani? Mimi naendesha teksi, kilomita hizo nazimaliza ndani ya wiki mbili na siku chache. Ungekuwa unabadilisha kila mwaka, ungemwaga mafuta mazuri kabisa. Lipa shule kwanza.

Papa_Ruashi

Binti yangu, nimeendesha malori miaka 26, njia ya Likasi na Kolwezi, na baadaye nikawa na gari dogo la uzeeni ambalo halitoki mara nyingi. Lori halijawahi kunisumbua kama gari dogo.

Kijana wa Katuba anasema kweli kwa gari lake. Teksi ikiwaka asubuhi haipoi mpaka jioni. Moteri yake ni moto mchana kutwa, na moto ndio unaoyasafisha mafuta. Gari la binti yangu linaishi maisha mengine. Linawashwa likiwa baridi, linakwenda kilomita nne, linazimwa kabla halijapata joto. Kesho tena hivyo hivyo. Kilomita 2,300 zake ni za kuamka na kulala tu, ndiyo kilomita mbaya kuliko zote.

Kile kikaratasi cha mlangoni kina kasoro moja: kimeandikwa kilomita peke yake. Vitabu vya gari vinaandika mambo mawili, kilomita au miezi, lolote litakalotangulia. Mafundi wetu wanaandika nusu ya sentensi.

Fundi_Kamalondo

Nianze kwa kusema wazi: mimi ni fundi, vidanji ndiyo inayonilisha, kwa hiyo yachukue maneno yangu ukijua hivyo. Ndiyo maana sitakuambia ubadilishe kitu chochote kabla hujatazama kwa macho yako.

Mama, kesho asubuhi, moteri ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kutilia mafuta, kile cha juu ya moteri. Kigeuze utazame ndani yake. Halafu vuta kijiti cha kupimia mafuta, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Utuambie umeona nini kwenye hivyo viwili. Tazama pia chupa ya maji ya radieta kama imepungua. Radieta yenyewe usiifungue ikiwa moto.

Wakati unatafuta, niwaeleze wengine kwa nini. Lita moja ya esansi ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji. Wengi hawaamini, lakini yaangalieni magari asubuhi za Juni, baridi ya hapa kwetu inapouma: bomba la moshi linadondosha matone. Hayo ndiyo maji yenyewe. Mengi yanatoka na moshi, lakini mvuke kidogo hupita pembeni ya pete za pistoni na kushuka kwenye mafuta. Esansi mbichi nayo hupita, kwa sababu moteri baridi hupewa esansi nyingi ili iwake. Ukienda mbali, mafuta yanapata moto vizuri, mvuke unatoka, esansi inatoka. Ukienda kilomita nne, vyote vinabaki humo ndani, vinakuwa uchachu unaokula vyuma polepole.

Na msidanganywe na sindano ya joto kwenye dashibodi. Ile inapima maji. Mafuta yanachelewa kupata joto kuliko maji. Sindano imefika katikati, mafuta bado yako nyuma.

Muuguzi_BelAir

Papa Fundi, nimefungua leo saa kumi na mbili asubuhi, nikimulika kwa simu.

Ndani ya kifuniko kuna kitu kama maziwa yaliyoganda, rangi ya krimu inayoelekea kahawia. Nimekigusa kwa kidole, ni laini, kinateleza, kina harufu ya esansi kwa mbali. Kiko pembezoni mwa kifuniko, katikati hakipo. Kijiti cha kupimia kina mafuta meusi, hayana krimu. Kiwango chake kimepita kidogo alama ya juu, na mimi sijawahi kuongeza hata tone! Chupa ya maji iko kati ya alama mbili kama siku zote.

Nimeogopa. Jirani ameona akasema joe ya kulasi, ile gasketi ya kichwa cha moteri, imekwisha, moteri ifunguliwe.

Fundi_Kamalondo

Mama, pumua. Jirani ana nia njema lakini amekimbilia mbali.

Joe ya kulasi ikipasuka, maji ya radieta hupungua na inabidi uongeze kila mara. Mafuta kwenye kijiti nayo hugeuka kuwa kama kahawa ya maziwa. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unatoka hata moteri ikiwa moto, na sindano ya joto hupanda. Wewe huna hata kimoja katika hivyo. Krimu iko kwenye kifuniko tu, ambacho ndicho mahali pa baridi kuliko pote, na mvuke huenda kuganda hapo. Hiyo ni alama ya safari fupi.

Mafuta kuongezeka bila kuongezwa ndiko kumenigusa zaidi. Hiyo ni esansi na maji vimejumlika humo miezi 14. Mafuta yaliyochanganyika na esansi ni mepesi, hayashiki vyuma inavyotakiwa. Sasa naweza kukuambia bila kusita: mwaga mafuta hayo wiki hii, na filitri yake pia. Moteri ya IST kama yako inakula lita 3.7 ukibadilisha na filitri, kwa hiyo bido moja ya lita nne inatosha na inabaki kidogo ya kuongezea. Nunua bido iliyofungwa, uvunje kizibo mwenyewe. Mafuta ya kupimwa kwenye chupa usiyakubali, hujui yametoka wapi.

Na mtu asikuuzie mkanda wa distribisio (timing belt). Moteri hiyo ina mnyororo ndani. Mnyororo hauna tarehe ya kubadilishwa kama mkanda, lakini unaishi kwa mafuta safi. Ndiyo sababu nyingine ya kutochezea vidanji.

Kijana_Katuba

Haya, kwa hilo la krimu nakubali, sikuwa najua mafuta yanaweza kuongezeka. Lakini si angewasha tu gari kila asubuhi dakika tano? Lingepata joto bila kutembea. Kwetu mtaani wote wanafanya hivyo, na batri haifi.

Mama_Njia_ya_Kasapa

Mwanangu, hapo naingia mimi, maana dakika tano hizo zilitugharimu.

Baba yangu alikuwa na Corolla. Alipoanza kuumwa miguu akaacha kuendesha, lakini alilipenda gari lile kama mtoto. Kila asubuhi baada ya chai alikuwa anatoka na ufunguo, analiwasha, anakaa ndani dakika tano anasikiliza redio, anazima. Karibu miaka miwili. Tukadhani analitunza. Batri ilikufa mara mbili. Siku tuliyotaka kumpeleka hospitali, gari likakataa. Tulipolipeleka kwa fundi, mafuta yaliyotoka yalikuwa kama uji, na bomba la moshi lilikuwa limeoza kwa ndani mpaka kidole kinapita.

Kitu ambacho sijakisahau ni tairi. Baada ya kutengeneza moteri, kaka yangu alilichukua kwenda Likasi. Tairi zilikuwa na meno marefu, nyeusi, ukiziona unasema zimetoka dukani. Walipofika nusu ya njia, moja ya nyuma ikafunguka ngozi yote. Mungu alisaidia, hakukuwa na lori mbele. Fundi aliyekuja kutusaidia ndiye aliyetuonyesha namba nne zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Mwaka wake ulikuwa wa zamani kuliko mtoto wangu wa pili, na mtoto huyo alikuwa anamaliza shule ya msingi.

Dada Muuguzi, tafadhali zitazame tairi zako. Tafuta neno DOT, ufuate mpaka mwisho wake uone namba nne ndani ya kiduara kirefu. 3511 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2011. Usipoziona upande wa nje, lala chini utazame upande wa ndani.

Fundi_Kamalondo

Aksanti sana Mama, hilo watu hawalisemi. Tairi inazeeka hata ikiwa imesimama. Jua la hapa na joto vinakausha mpira, nyufa ndogo ndogo zinaanza kwenye mikunjo. Ikipita miaka mitano ikaguliwe kila mwaka, ikifika kumi iondoke hata kama meno yake ni mapya. Gari linalosimama linahitaji pia upepo kupimwa kila mwezi, maana uzito wote umelala mahali pamoja.

Kuhusu dakika tano. Kuwasha moteri kunavuta nguvu nyingi kwenye batri, na ikiwa inanguruma polepole mahali pamoja, altaneta hairudishi haraka kilichochukuliwa. Ukiongeza redio na taa, unakuwa umetoa kuliko ulivyoweka. Na moteri imepata maji mengine ya mvuke bila joto la kuyatoa. Kwa hiyo umezidisha ugonjwa uliotaka kuutibu.

Bora liwashwe mara moja kwa wiki, au hata kila wiki mbili, liende dakika 30 au 40 bila kusimama. Kwako Mama, Jumapili baada ya ibada, badala ya kurudi moja kwa moja, chukua njia ya Kipushi. Ni kama kilomita 30, kwenda na kurudi gari limepika mafuta yake, batri imejaa, diski za breki zimesuguka kutu, na gia imepata joto.

Batri ipimwe asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 imejaa, 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu. Ikikaa chini ya hapo wiki nyingi inaganda ndani na hairudi tena kama mwanzo. Ukiwasha moteri, volti ipande iwe 14 au karibu yake. Isipopanda, tatizo ni altaneta, usinunue batri.

Papa_Ruashi

Mimi naongeza breki, kwa sababu mvua ya kwanza haiko mbali, na barabara zetu mvua ya kwanza inapogusa vumbi la kiangazi zinakuwa sabuni.

Binti yangu, maji ya breki hayachakai kwa kukanyagwa. Yanachakaa kwa kukaa. Yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, yanaunywa kupitia mipira na kifuniko, mwezi baada ya mwezi, gari litembee lisitembee.

Kijana_Katuba

Papa, yakinywa maji kidogo kuna ubaya gani? Si breki bado inashika?

Papa_Ruashi

Inashika mpaka siku inapopata moto. Maji ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205. Yakishakunywa unyevu, kiwango kinashuka mpaka 140. Ya DOT 4 ni 230 mapya, 155 yakishalowa. Ukishuka mlima na mzigo, breki zinapata moto, maji yanachemka ndani ya bomba, yanakuwa mapovu. Povu linabonyea. Unakanyaga, mguu unazama mpaka chini, gari linaendelea. Mimi limenipata mwaka nikiwa bado kijana, na lori lilikuwa limebeba saruji. Nilisimama kwa gia na kwa tuta la mchanga. Tangu siku hiyo nabadilisha kila miaka miwili, hata gari la uzeeni.

Kwa mji wetu wa tambarare na safari za kilomita nne hutachemsha breki, hilo nakubali. Lakini unyevu huo huo unaota kutu kwenye silinda za magurudumu, na silinda ikiota kutu inavuja au inagoma kurudi.

Muuguzi_BelAir

Nimewasoma wote, na nimelala chini ya gari kama nilivyoambiwa, na kitenge cha kazi kikachafuka. Tairi tatu ni 1421. Ya nne, ya mbele kulia, ni 0812. Ndiyo ile niliyonunua ya mkono wa pili baada ya pancha, na muuzaji alinihakikishia ni kama mpya. Ina nyufa kama za kisigino cha kiangazi, ukikunja mpira zinafunguka.

Sasa naomba mnisaidie kupanga. Nina pesa ya mambo mawili mwezi huu, matatu nikijibana. Mafuta ya gia na bugi vinaweza kusubiri? Fundi wa kwanza alisema gia itakufa.

Fundi_Kamalondo

Mambo ya mwezi huu: tairi hiyo, na vidanji na filitri yake. Tairi ya mbele ikipasuka usiku uko peke yako, hiyo si ya kusubiri. Ukipata nafasi ya la tatu, iwe maji ya breki, na fundi akiyabadilisha afungue magurudumu yote manne, atazame pedi, aondoe vumbi kwenye dramu za nyuma, asogeze pini za kalipa kama zinateleza. Kazi hiyo ni ya mikono zaidi kuliko vipuri.

Mafuta ya gia: kitazame kijiti chake kama unavyotazama cha moteri. Yakiwa mekundu au kahawia angavu, yasiyonuka kuungua, na gia inaingia bila kugonga, subiri. Yakiwa meusi na yananuka, yashughulikiwe, na yatiwe aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti chenyewe. Gia nyingi nimeona zimekufa kwa kutiwa mafuta yasiyo yake.

Bugi: atoe moja aitazame. Kwa kilomita zako pengine bado nzuri. Filitri ya hewa aitoe mbele yako, maana kiangazi hiki vumbi limekuwa jingi, na gari lililolala chini ya mwembe panya huwa wanajenga humo. Maji ya radieta, kama rangi yake ni safi na huna kumbukumbu ya lini yalibadilishwa, yaweke kwenye orodha ya mwezi wa Desemba. Usitie maji ya bomba.

Mama_Njia_ya_Kasapa

Na esansi dada, usijaze tangi likae miezi. Inazeeka nayo. Tia ya kukutosha wiki tatu nne, lakini usiliache likauke.

Kijana_Katuba

Mama, kuna mtu naye mwaminifu wa tairi mpya hapa Katuba. Ukitaka nitakusindikiza, tusome hizo namba pamoja kabla hujalipa. Na mimi leo nimezisoma zangu. Mbili ni za 2013.

Muuguzi_BelAir

Narudi kutoa habari, wiki imepita.

Tairi nimenunua, tumesoma namba watu wawili, kijana amenisindikiza kweli, Mungu ambariki. Muuzaji alitoa ya kwanza ya miaka saba, tukakataa, akaenda nyuma akaleta nyingine ya mwaka jana.

Vidanji imefanywa nikiwa nimesimama hapo. Mafuta yalitoka mepesi kama chai, meusi, na harufu ya esansi ilijaa garaji yote. Fundi mwenyewe alinyamaza. Kwenye filitri ya hewa kulikuwa na manyoya, vipande vya gazeti na maganda ya karanga. Mafuta ya gia ni mekundu, tumeyaacha. Bugi imetolewa moja, imerudishwa.

Breki ndiyo iliyonishtua. Maji yake yalikuwa rangi ya chai ya rangi, na gurudumu la nyuma kushoto silinda ilikuwa imelowa chini ya mpira wake. Bado kidogo ingeanza kudondosha kwenye viatu vya breki. Imebadilishwa, nikakopa kidogo kwa dada yangu.

Kwenye kikaratasi cha mlangoni nimemwambia fundi aandike 144,300 na chini yake aandike Septemba mwakani. Alisema hajawahi kuandika mwezi. Ameandika.

Jumapili baada ya ibada tunakwenda Kipushi, watoto wameshagombania nani atakaa mbele. Papa Fundi, nikirudi nifungue tena kile kifuniko nione?

Fundi_Kamalondo

Fungua Jumatatu asubuhi, likiwa baridi. Kipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu kabla ya kuondoka, ili tujue kitakachoonekana ni kipya. Utuletee habari hapa hapa.